Buabua wanatoka na ukungu: je, dawa ni lenzi kubwa?

Swali: Niko Malindi. Nina kamera ya Canon 2000D na lenzi ya milimita 55–250. Huwa naenda ufukweni, na mara nyingine mlango wa mto Sabaki, kupiga picha za ndege wa baharini wakiwa angani, hasa wale weupe wenye mkia wa panda. Karibu picha zote zinatoka na ukungu. Zile chache zilizo kali, ndege anakuwa bapa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja, au kivuli cheusi. Rafiki yangu mpiga picha ananiambia bila lenzi ya milimita 600 najisumbua bure. Je, nijikusuru nikope, niinunue?

Jibu: Usikope, dada. Kwa hali unayoieleza, lenzi ya 600 itakupa ukungu uleule, ila mkubwa zaidi.

Hao ndege wako ni buabua. Hapo Sabaki utawaona sana wawili: Thalasseus bengalensis, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, na ndugu yake mkubwa kidogo, Thalasseus bergii, mwenye mdomo wa manjano iliyopauka. Huyo wa kwanza akitandaza mbawa hukaribia mita moja kutoka ncha hadi ncha. Akipita mita 20 mbele yako na lenzi yako ikiwa kwenye 250, anajaza nusu ya upana wa fremu. Ndege huyo ametosha. Ukiongeza lenzi, utaanza kumkata mbawa. Akiwa mita 40 anachukua robo ya fremu, na kwa pikseli milioni 24 ulizo nazo bado unaweza kukata pembeni ukapata picha ya kuchapishwa A4. Kuanzia mita 80 au 100 ndipo rafiki yako anapoonekana kuwa na hoja. Lakini huko nako, jua likishapanda kidogo, hewa ya moto juu ya mchanga inatetema, na mtetemo huo huingia kwenye picha hata lenzi iwe ya bei gani. Watu wengi huilaumu fokasi kwa kosa lililofanywa na hewa.

Kwa hiyo la kujiuliza ni vipi buabua atakuja mita 20 kutoka ulipo, akiwa amekuelekea, jua likiwa mgongoni mwako. Hilo halinunuliwi dukani. Linatoka kwenye upepo, jua na maji.

Tuanze na upepo. Ndege wa baharini huruka kutoka chini akiuelekea upepo, hutua akiuelekea upepo, na anapovinjari akitafuta samaki hupanda polepole dhidi ya upepo, kisha hugeuka na kurudi kwa kasi upepo ukimsukuma. Akiwa anapingana nao, mwendo wake juu ya ardhi unapungua, mara nyingine anasimama kabisa hewani. Huyo ndiye wa kupigwa picha. Anayerudi na upepo mwache apite, ni kupoteza kadi tu. Basi upepo ukikupiga kisogoni, ndege wapole wote wanakuja uso kwa uso nawe. Ukikupiga usoni, utarudi nyumbani na mikia. Ukitaka kujua upepo unatoka wapi hasa, tazama buabua waliosimama kwenye fungu la mchanga: wote huelekeza midomo upande mmoja.

Jua nalo linataka liwe nyuma yako, na liwe chini. Kwetu, karibu na ikweta, jua halipandi kwa mshazari kama Ulaya, linapanda wima. Likichomoza saa kumi na mbili na kitu, kufika saa tatu limeshakuwa juu sana kwa kazi hii. Linamwangaza ndege mgongoni na kuacha tumbo na chini ya mbawa kwenye giza. Hicho ndicho kivuli cheusi unachokilalamikia, ukijumlisha zile picha ulizopiga ukiwa umelitazama jua. Kuna msamaha mmoja tu: juu ya mchanga mweupe, au maji ya kina kifupi yenye mchanga mweupe chini yake, mwanga unarudi juu na kumwangaza ndege kwa chini. Kwenye mafungu ya namna hiyo nimekubali kufanya kazi hadi saa nne. Juu ya maji ya kahawia ya mto, sijaribu.

Sasa njoo kwenye tatizo la pwani yetu, ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havitakuambia kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya Malindi. Ufukwe wetu unatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini, na pepo zetu mbili za msimu, kaskazi na kusi, zote zinatoka upande wa baharini pia. Mtu akienda asubuhi akasimama ufukweni na kutazama bahari, kama watu wote wafanyavyo, anakuwa na jua usoni na upepo usoni. Amekosa yote mawili kwa pamoja. Nina hakika nusu ya picha zako mbaya zimezaliwa hapo.

Dawa yake ni kuipa bahari mgongo. Unahitaji mahali ambapo maji yako upande wa bara na wewe uko upande wa bahari: ulimi wa mchanga, fungu, au mlango wa mto. Sabaki inafaa kabisa. Vuka uende kwenye ulimi wa mchanga ulio kati ya mawimbi na maji ya mto, kaa chini, tazama bara. Hori ya Mida nayo ina mafungu ya namna hiyo. Wasomaji wa Unguja wana bahati ambayo wengi hawaijui: pwani ya magharibi ya kisiwa, pamoja na Mji Mkongwe, inapokea jua la asubuhi na upepo kutoka nyuma, juu ya nchi kavu, huku bahari iko mbele. Wao wanaweza kusimama wima na kutazama maji kama watu waungwana.

Misimu miwili haifanani. Wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, upepo wa kaskazini-mashariki na jua la asubuhi havitofautiani sana upande, kwa hiyo asubuhi ndiyo yako, na ndiyo miezi ambayo Sabaki inajaa shakwe na buabua waliohamia kutoka mbali. Angalia tu alfajiri: umande ukiwa bado unavuma kutoka bara, ndege watakuwa wamekupa mgongo. Piga chai, subiri kaskazi iamke. Wakati wa kusi mambo yanageuka. Upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, karibu sambamba na ufukwe, na asubuhi hesabu haikai sawa. Basi nenda alasiri, kuanzia saa kumi. Jua liko bara, nyuma yako, unatazama bahari, ndege wanaopanda dhidi ya kusi wanapita mbele yako kwa ubavu, kutoka kushoto kwenda kulia, mmoja baada ya mwingine. Hutapata ndege anayekuja usoni, lakini ubavu wenye mwanga mzuri na wimbi nyuma yake ni picha nzuri kuliko inavyosifiwa.

Halafu maji. Kumfuata buabua kwenye fungu kwa miguu ni kumfukuza tu, na ukimfukuza anaruka akikupa mkia. Maji yakijaa, mafungu yanapungua, na ndege wote wanabanwa kwenye kipande kilichobaki. Wewe tangulia hapo kabla yao, kaa kwenye mchanga, usisimame tena. Watakuja wenyewe, wengine karibu kuliko mita 20, wakitua mmoja mmoja dhidi ya upepo.

Ugumu ni kupata maji yanayojaa ndani ya ule mwanga wa asubuhi. Pwani ya Kenya, wakati wa bamvu, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi na hupwa kwenye saa nne. Maana yake asubuhi ya bamvu, wakati jua ni zuri, maji yanakimbia na ndege wanatawanyika hadi kwenye miamba ya mbali. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, yanajaa kwenye saa nne, muda mzuri, lakini hayapandi vya kutosha kuwabana ndege. Mimi huenda katikati: siku ya tano au ya sita baada ya mwandamo au baada ya mwezi mpevu. Maji yanafikia ukomo kati ya saa mbili na saa tatu hivi asubuhi, na bado yana nguvu. Hakikisha kwenye jedwali la maji, au muulize mvuvi yeyote pale mlangoni, atakujibu bila kutazama karatasi. Muulize vilevile kuhusu viboko. Sabaki wapo, na ni vizuri kuongozana na mwenyeji anayejua wanapolala.

Ukishakuwa mahali pake, kamera inakuwa jambo jepesi. Tuanze na ukungu. Buabua wa mita 20 akipita kwa ubavu kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, na wewe umeshika kamera imesimama, kwa shata ya 1/500 (kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde) sura yake inasogea pikseli kama 67 kwenye kamera yako. Kwa 1/2000 inasogea 17. Hata hiyo 17 ni ukungu unaoonekana. Ndiyo maana shata peke yake haikuokoi. Ni lazima uzungushe kamera pamoja naye, ili kasi inayobaki iwe tofauti ndogo tu kati ya mwendo wake na wako, na mapigo ya mbawa. Weka 1/2000 kama kiwango cha chini. Anayezamia anataka 1/3200. Kamera yako inafika 1/4000, hudaiwi chochote hapo.

Kuzungusha kunaanza miguuni. Watu wanageuza mikono, na mikono inatetema. Ukiwa umesimama, elekeza miguu kule unakotaka kumpigia, kisha pinda kiuno kurudi kumpokea anakotokea; atakapofika mahali penyewe mwili wako utakuwa umenyooka na umetulia. Viwiko vibane mbavuni. Ukiwa umekaa, weka viwiko juu ya magoti. Mpokee akiwa mbali, lenzi ikiwa kwenye 100 hivi ili umwone haraka kwenye kitundu cha kuchungulia, vuta hadi 250 anapokaribia, na endelea kumfuata hata baada ya kubonyeza. Wengi hukoma kuzunguka pale wanaposikia shata, na hapo ndipo picha inapoharibika. Mazoezi usiyafanyie Sabaki. Kunguru wa Malindi wapo bure, wanaruka kutwa nzima, na hawaogopi mtu.

Fokasi iweke AI Servo, inayomfuata anayesogea, si One Shot, maana One Shot inafunga umbali mara moja na ndege anaendelea kuja. Kamera yako ina pointi tisa. Tumia ile ya katikati peke yake, ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ukiziacha zote tisa, anga tupu haina tatizo, lakini akishuka mbele ya mawimbi kamera itashika povu. Kwenye menyu unaweza kuhamishia kazi ya fokasi kwenye kitufe chenye alama ya nyota, nyuma, ili kidole gumba kilenge na cha shahada kipige. Wiki ya kwanza utaudhika. Vumilia. Kamera mpya zisizo na kioo zinamtambua ndege na jicho lake zenyewe, na hilo ni jambo kubwa kweli. Kama siku moja utatumia pesa, kabla ya lenzi ningeitazama hiyo.

Sasa bapa jeupe. Kamera ikiachiwa ipime mwanga yenyewe, inapima kila kilichomo kwenye fremu, na ndege wako ni sehemu ndogo tu ya fremu. Akipita mbele ya maji ya kahawia, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na weupe wake unaungua. Akipanda mbele ya wingu jeupe, kamera inapunguza, anakuwa mweusi. Lakini jua linalomwangukia ni lilelile, halikubadilika hata kidogo aliposogea kutoka mtoni kwenda winguni. Basi mwanga wake uweke mwenyewe, kwa M (hali ya kupanga mwenyewe), na ISO, yaani wepesi wa kamera kuuona mwanga, isiwe ya otomatiki. Jua likiwa limeshatoka vizuri, anzia shata 1/3200, f/8 (upana wa tundu la lenzi), ISO 400. Mapema zaidi, saa moja asubuhi, anzia 1/2000, f/6.3, ISO 800. Piga picha moja ya buabua aliyesimama kwenye mchanga, itazame ukiwa umewasha histogramu, ile grafu ya mwanga: sehemu zilizoungua zitapepesa. Kama kifua kinapepesa, ongeza kasi ya shata hatua moja moja hadi kiache, kisha usiguse kitu mpaka jua libadilike au wingu lipite. Akitokea Ichthyaetus hemprichii, yule shakwe wa rangi ya tope anayetujia kutoka Bahari ya Shamu, mwanga huo ni mdogo kwake. Mwongezee mwanga mara mbili, au mwache tu. Piga faili ghafi, RAW. Weupe ulioungua kidogo kwenye RAW hurudi, kwenye JPEG umekwenda.

2000D inapiga picha tatu tu kwa sekunde. Usiilaumu, ila usiitegemee kwa kumimina picha ukitarajia moja itoke. Buabua anapiga mbawa mara chache kwa sekunde, na utaweza kupata mfululizo mzima mbawa zote zikiwa chini. Chagua sekunde yako. Na sekunde ya kuzamia inatangazwa: anapotafuta samaki, mdomo unaelekea chini badala ya mbele, akiona, anasita, anapepea palepale, mkia unafunguka. Hapo bonyeza, usingoje aanguke, maana akishaanguka kidole chako kimechelewa. Waliosimama nao wana dalili zao: anayenyoosha bawa moja na mguu, kisha akajisaidia, mara nyingi yuko karibu kuondoka. Ukiona fungu zima limenyamaza ghafla, inua kamera. Wote wanaruka.

Jambo moja nisilokubali kulipitia haraka. Utasikia habari za kisiwa cha Whale Island, kwenye mlango wa hori ya Mida, ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, ambapo katika miezi ya kusi huzaa buabua wa Sterna dougallii, yule mwenye kifua cha waridi hafifu na mkia mrefu kuliko wote. Utatamani kupanda. Usipande. Mayai yao yako juu ya jabali tupu, na mama akiinuka, jua letu linayapika kwa muda mfupi, na kunguru wanajua kazi yao. Nenda na mashua, mwambie nahodha azime mashine upande ule ambao upepo unatokea na akae mbali kiasi kwamba waliolala wasinyanyue vichwa. Wanaorudi na samaki mdomoni watapita juu yako bila kukujali. Ukiwa na ndege isiyo na rubani, iache nyumbani. Na kama kundi zima linainuka mkiwa bado mnakaribia, mmeshakaribia mno. Rudini nyuma, hata kama ulimlipa nahodha wa siku nzima.

Kwenye mashua kaa chini katikati, si omoni ambako kila wimbi linakurusha, na usiegemeze kamera kwenye ubao, itaunywa mtikisiko wote wa mashine. Chumvi ni adui wa taratibu: usibadilishe lenzi ufukweni, na ukirudi pangusa kila kitu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya bomba na kukamuliwa, kabla ya kile kikavu. Ukianza na kikavu unasugua chembe za chumvi juu ya kioo.

Kuhusu lenzi, basi: maliza kwanza kaskazi moja nzima na hii uliyo nayo, ukikaa upande wa bahari na kufuata maji. Kama mwisho wake picha zako ni kali, manyoya yanahesabika, na bado unasema laiti ndege angekuwa mkubwa kidogo, tafuta 400 f/5.6 ya Canon iliyotumika. Ni nyepesi, unaweza kuizungusha kwa mikono asubuhi nzima. Zile za 600 zina uzito ambao kwa mtu anayekaa mchangani na kuwafuata buabua kwa mkono utamchosha kabla maji hayajajaa. Pesa itakayobaki mpe nahodha.